Ramani za mashamba yetu ya kahawa zibaki mikononi mwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojadiliwa sana Brussels na Kampala, ilhali mzigo wake uko mgongoni mwa watu ambao kahawa yao haizidi ekari moja au mbili. Ni ile sheria ya Umoja wa Ulaya inayozuia kuingizwa katika soko lake mazao yaliyolimwa katika ardhi iliyokatwa misitu. Mwezi Desemba 2025 utekelezaji wake uliahirishwa kwa mara ya pili, na huku kwetu Sironko, katika miteremko ya Mlima Elgon, wapo walioshangilia. Mimi sikushangilia.

Kwa wasioifahamu, sheria hii, namba 1115 ya mwaka 2023, inahusu bidhaa saba, yaani ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitu vingi vinavyotengenezwa kutokana nazo. Anayeingiza bidhaa hizo Ulaya atatakiwa kuthibitisha kwamba hazikutoka katika ardhi ambayo msitu wake ulikatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba zilizalishwa kwa kufuata sheria za nchi zilikotoka. Maneno matupu hayatoshi. Kila shamba lazima lionyeshwe lilipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Shamba lisilozidi hekta nne linatosheka na nukta moja, lakini lililozidi hapo lazima mpaka wake uchorwe wote. Kazi hiyo ilipangwa ianze kudaiwa mwisho wa mwaka 2024, ikasogezwa hadi mwisho wa 2025, na sasa makampuni makubwa na ya kati yamepewa muda hadi tarehe 30 Desemba 2026, na yale madogo hadi tarehe 30 Juni 2027.

Uganda haiwezi kulichukulia jambo hili kama habari ya mbali. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 nchi yetu iliuza nje magunia milioni 6.13 ya kahawa, ya kilo 60 kila moja, yenye thamani ya dola bilioni 1.14 hivi, na sehemu kubwa ya kahawa hiyo ilikwenda Ulaya, Italia ikiwa mnunuzi wetu mkuu. Ushuru si kikwazo, kwa kuwa tangu mwaka 2001 nchi maskini zaidi, nasi tukiwemo, zinaruhusiwa kuingiza huko karibu kila kitu isipokuwa silaha bila kutozwa. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na kitu kitakachoamua sasa nani apite ni ramani.

Nisieleweke kuwa naipinga sheria yenyewe. Sisi tunaoishi chini ya Elgon hatuhitaji mtu atoke Ulaya kutufundisha maana ya mlima uliovuliwa miti. Machi 2010 udongo uliteremka na kukifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na wengi wa waliofukiwa hawakupatikana kamwe. Novemba 2024 mlima uliporomoka tena, safari hii katika wilaya jirani ya Bulambuli. Mvua ndiyo inayotajwa kwanza, lakini kila mzee wa huku anajua miteremko ile ilikuwa na nini kabla ya kulimwa hadi kileleni. Vilevile Waganda hawakungoja sheria ya kigeni ndipo waupende msitu: mwaka 2007 watu waliingia barabarani Kampala kupinga sehemu ya Msitu wa Mabira isitolewe kwa kilimo cha miwa, na damu ikamwagika. Hivyo katika lengo tunakubaliana na Ulaya. Tunapotofautiana ni katika swali la nani anagharamia uthibitisho, na ukishapatikana unakuwa wa nani.

Nitaeleza yaliyotupata. Mwaka 2024 kampuni moja inayonunua kahawa huku kwetu ilituma vijana wawili wenye simu wapime mashamba ya wanachama wa chama chetu kidogo cha ushirika, ambacho mimi ni katibu wake. Walifanya kazi kwa bidii, sina la kuwalaumu. Walipanda na kushuka mabonde kwa wiki kadhaa, wakisimama katikati ya migomba kusubiri simu ipate setilaiti, na mara mbili simu ilionyesha shamba la mtu ng'ambo ya mto asiko na hata mgomba mmoja. Mama mmoja mjane alikataa kabisa kupimiwa. Aliniuliza mbele yao, "Mwanangu, hawa wakishaandika, wanarudi lini kudai kodi?" Nilichukua karibu saa nzima kumshawishi, nikimwapia kwamba karatasi ile ni ya kahawa tu, wala haimgusi mwenye ardhi. Nilisema hivyo kwa nia njema, nikiamini.

Mwaka uliofuata alikuja mnunuzi mwingine, mwenye bei nzuri zaidi kwa kila kilo ya kahawa iliyokaushwa. Jambo la kwanza alilouliza ni ramani. Tukaiandikia ile kampuni ya kwanza tukiomba nakala ya vipimo vya mashamba yetu wenyewe, tukajibiwa kwamba taarifa zile ni mali yake kwa kuwa ndiyo iliyolipia kazi. Mnunuzi mpya hakuwa tayari kulipia upimaji upya wa mashamba ya watu wadogo namna ile waliotawanyika mlima mzima, nasi hatukuwa na fedha. Kahawa ikarudi kwa mnunuzi wa kwanza, kwa bei yake. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake anazozishikilia mwingine. Ningeisoma mapema, barua yetu ingekuwa na lugha nyingine.

Hapo ndipo palipo na kiini cha barua hii. Sheria iliyotungwa kulinda msitu imezaa, bila kukusudia, kamba mpya ya kumfungia mkulima kwa mnunuzi mmoja. Zamani walanguzi walimfunga kwa mkopo, wakimlipa wakati wa njaa kahawa ikingali ua mtini; leo anaweza kufungwa kwa nukta ya latitudo. Wala si ajabu kwamba kampuni inaikumbatia ramani hiyo, maana faini iliyowekwa katika sheria ni kali: kiwango chake cha juu hakiwezi kuwa chini ya asilimia nne ya mapato ya mwaka ya kampuni ndani ya Umoja wa Ulaya. Mwagizaji anayeogopa faini kama hiyo atapendelea shamba moja kubwa lenye mpaka mmoja kuliko mashamba elfu moja ya robo hekta, hata kama yale madogo ndiyo yaliyotunza miti.

Na kuhusu miti, kuna jambo ambalo wapimaji wa mbali hulikosea. Kahawa yetu ya arabika haisimami peke yake juani. Iko chini ya migomba, na juu ya migomba iko miti mikubwa ya kivuli iliyoachwa na babu zetu. Sheria inaufuata ufafanuzi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwamba msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayopita mita tano na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia kumi ya ardhi, na inaeleza wazi kwamba shamba la mazao yaliyochanganywa na miti halihesabiwi kuwa msitu. Lakini setilaiti haisomi vifungu. Inaona kijani tu. Shamba la namna yetu linaweza kuhesabiwa katika ramani ya mwaka 2020 kuwa msitu, na mwenye nalo akipunguza matawi au kuangusha mti uliooza, aonekane amefyeka msitu baada ya ile tarehe ya Desemba 2020. Aliyekata miti yake yote mwaka 2015 na kubaki na ardhi tupu hana wasiwasi wowote.

Sharti la pili, la kufuata sheria za nchi, linasikika kuwa jepesi, lakini kwetu lina miiba. Ardhi ya huku ni ya kimila. Mpaka wake ni mimea iliyopandwa na waliotutangulia na kumbukumbu za majirani, na ni wachache mno wenye hati. Tena wapo wanaolima karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, ambako mstari wenyewe umegombaniwa kwa miaka. Wabeneti, jamii iliyo upande wa kaskazini wa mlima, walikwenda mahakamani, na hukumu ya makubaliano ya mwaka 2005 iliwatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa maeneo wanayokaa, lakini hadi leo madai yao hayajaisha. Mtu wa namna hiyo athibitishe uhalali wa shamba lake kwa karatasi gani? Hilo si kosa la Ulaya, ni deni la serikali yetu.

Sasa nirudi kwenye kuahirishwa. Mabadiliko ya Desemba hayakugusa muda peke yake. Wafanyabiashara wa Ulaya wanaonunua bidhaa ambayo tayari imeshaingizwa sokoni wameondolewa wajibu wa kuwasilisha tamko lao wenyewe la kuthibitisha kwamba bidhaa imetimiza masharti. Anabaki nao yule wa kwanza tu. Mzalishaji mdogo katika nchi za kundi la hatari ndogo, yaani zile ambazo Ulaya inaona ukataji wa misitu si tishio kubwa, anayeuza mwenyewe mazao yake katika soko hilo, na ambaye kwa kawaida ni wa huko huko Ulaya, ameruhusiwa kutoa tamko moja jepesi, hata kuandika anwani ya posta badala ya vipimo vya shamba. (Kijijini kwetu, nitamke tu, hakuna mwenye sanduku la posta.) Kwa mkulima ambaye kahawa yake inapita kwa mnunuzi, kwa mkoboaji, kwa msafirishaji na kwa mwagizaji ndipo ifike Italia, vipimo vinadaiwa vile vile. Unafuu, kwa ufupi, umesambazwa kuanzia Ulaya na kuishia hapo hapo. Na kila tarehe inaposogezwa, aliyewahi kutii ndiye anayepata hasara, kwa sababu vyama vilivyokopa ili kupima mapema vinalipa riba kwa ajili ya soko ambalo bado halijaanza kutofautisha kahawa yao na ya waliokaa wakisubiri.

Kifungu cha 30 cha sheria hiyo hiyo kinaitaka Tume ya Ulaya na nchi wanachama kushirikiana na nchi zinazozalisha, na kinataja wakulima wadogo. Mwaka 2022, katika mkutano wa kilele na Umoja wa Afrika, Ulaya ilitangaza kwamba itakusanya uwekezaji wa yuro bilioni 150 kwa ajili ya bara letu chini ya mpango wake wa Global Gateway. Katika fungu kubwa kiasi hicho, ambalo mara nyingi tunalisikia likitajwa pamoja na bandari, reli na nyaya za umeme, naomba itengwe sehemu ya kupima mashamba madogo mara moja, vizuri, kwa gharama ya anayeutaka uthibitisho, na vipimo hivyo viwekwe katika daftari la umma ambalo mnunuzi yeyote aliyeruhusiwa na mkulima anaweza kulisoma. Mkulima apewe nakala yake kwenye karatasi. Asiyekubali jina lake lionekane kwa fulani, lisionekane.

Na hapa nyumbani, nani alitunze daftari hilo? Kwa zaidi ya miaka thelathini kahawa ilisimamiwa na mamlaka yake maalumu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2024 kazi hizo zimehamia Wizara ya Kilimo. Wapo waliolia na wapo waliofurahi, na ugomvi uliozuka Bungeni siku ile tuliuona sote. Mimi nasema tu kwamba uandikishaji wa wakulima ulikuwa katikati ya njia wakati nyumba inahamishwa, na itafaa wizara itangaze kwa lugha tunayoielewa majina yaliyokwisha kuandikwa yako wapi na yanatumikaje. Nikisema lugha tunayoielewa namaanisha hivyo hasa. Fomu tulizojaziwa zilikuwa za Kiingereza, kijana aliyezijaza alitokea upande wa Kampala na hakujua Kimasaba, na wazee wetu wengi hawajui Kiganda. Tulikutana katika Kiswahili, kile kile cha sokoni Mbale na cha mpakani Busia. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba lugha hii ifundishwe kwa lazima shuleni. Ikiwa inafaa kwa mtoto darasani, inafaa pia kwenye karatasi ambayo bibi yake anaiwekea kidole gumba.

Tume ya Ulaya ilipewa hadi tarehe 30 Aprili 2026 kuipitia upya sheria hii na kuona mzigo wake kwa wadogo. Ombi langu kwa wawakilishi wetu walioko Brussels, na kwa wabunge wa maeneo ya kahawa, ni kwamba wasipeleke huko ombi la muda zaidi. Muda tumeshapewa mara mbili. Wapeleke swali la umiliki wa ramani, wakilidai jibu la maandishi.

Chama chetu kimeamua kupima upya baada ya mavuno, kwa michango ya wanachama na simu ya kuazima. Yule mama mjane amekubali tena, kwa sharti moja: karatasi ya shamba lake aondoke nayo yeye.

Katibu wa chama cha wakulima wa kahawa,
Sironko, Uganda