Pancha za kila mara zina chanzo, na chanzo hutafutwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu tunaotumia baiskeli za milimani hapa Malindi, pamoja na mafundi wanaotuhudumia, kuhusu pancha zinazojirudia hadi mtu akaamua kuitundika baiskeli ukutani. Lawama zote hutupiwa njia, na ni kweli kwamba ukitoka Ganda kuelekea Jilore na Kakoneni, miiba ya migunga na mbigili za kando ya barabara hazimwonei mtu huruma. Hata hivyo, njia huleta pancha ya kwanza. Zile zinazofuata baada ya siku chache mara nyingi huletwa na jinsi ile ya kwanza ilivyozibwa.

Tazama kazi inavyofanyika. Fundi huchomoa tyubu, huijaza upepo, huizamisha katika karai la maji, na akiona viputo husugua mahali hapo kwa msasa, hubandika kiraka, kisha huirudisha tyubu mle mle bila kulikagua tairi. Ncha ya mwiba iliyokatikia ndani ya mpira, fupi kuliko punje ya mchele, haionekani kwa nje wala haitoki yenyewe, bali hungoja mwenye baiskeli apande ndipo itoboe tyubu tena. Yafaa kuweka alama kwenye tairi mkabala na valvu kabla ya kutoa tyubu, ili tundu likishapatikana lioneshe ni sehemu gani ya tairi ichunguzwe, kisha kupitisha kitambaa polepole ndani yake pande zote, maana kitambaa hunasa pale penye ncha na kidole hakiumii.

Tundu lenyewe pia hueleza mengi. Likiwa upande wa nje, ni mwiba au kigae cha chupa. Likiwa upande wa rimu, ule mkanda unaofunika vichwa vya spoku umehama au umechakaa, na kubandika viraka bila kuurekebisha ni kupoteza pesa. Matundu mawili yaliyokaa sambamba humaanisha kwamba tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Hili la mwisho tunalo sana huku pwani, kwa kuwa mtu hupunguza upepo ili apite mchangani, jambo ambalo ni sahihi, kisha huingia kwenye mawe ya matumbawe bila kujaza tena. Kiasi kinachofaa huandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi kati ya pauni 35 na 65 kwa inchi mraba, na kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi kukipima. Tyubu hupoteza upepo hata baiskeli ikiwa imeegeshwa tu, kwa hiyo ipimwe kila wiki.

Wapo wanaokata tairi kuukuu na kulilaza ndani kama ngao. Hufaa, mradi kingo zake zichongwe ziwe nyembamba, la sivyo zitaisugua tyubu mpaka itoboke. Ile gundi ya maji inayotiwa ndani ya tyubu huziba vitundu vya miiba, ila haizibi mpasuko, na hukauka baada ya miezi kadhaa. Kwa anayepita njia za miiba kila siku, tyubu nene ni bora zaidi ingawa ni nzito, na ningependa wenye maduka ya vipuri mjini waziweke kwa wingi.

Siwalaumu mafundi peke yao. Sisi wateja husimama juu ya kichwa cha fundi tukimhimiza, hata gundi ya kiraka haipati muda wa kukauka ipasavyo, kisha tunambania malipo. Napendekeza ukaguzi wa tairi na rimu uwe na bei yake, utajwe kabla ya kazi kuanza, nasi tuulipie bila kuvutana.

Mwendesha baiskeli,
Malindi