Barua kwa fundi Makame: jumba la Harewood

Leeds, Uingereza

Kwako fundi Makame,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutubana. Natumai nyumbani hawajambo na karakana inakwenda vizuri.

Juzi simu ilikatika nikiwa katikati ya kukueleza lile jumba, nikaona bora nikuandikie. Linaitwa Harewood. Hapa Leeds unapanda basi nambari 36 linalokwenda Harrogate, unashuka getini, kisha unatembea kwa miguu ndani ya shamba lao mpaka jumba lijitokeze. Lilijengwa enzi za wale wafalme wanne waliofuatana kwa jina la George, 1714 mpaka 1830. Msingi uliwekwa 1759, na mwenyewe, Edwin Lascelles, akahamia 1771. Mchoraji ramani alikuwa John Carr, mtu wa huku huku Yorkshire. Mapambo ya ndani alipewa Robert Adam, Mskoti aliyekuwa na jina kubwa London. Ziwa lililo mbele limetengenezwa kwa kuzuia kijito, na hiyo ni kazi ya Lancelot Brown, mbunifu wa bustani. Bustani utaziona mwenyewe. Mimi nataka nikwambie habari za mbao.

Samani za jumba lile zilitengenezwa na Thomas Chippendale, mtoto wa seremala, mzaliwa wa Otley, mji mdogo usio mbali na hapo. Kazi ya Harewood ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Hesabu yake ilipita pauni 10,000 za wakati ule. Kuna ukumbi mrefu wa picha uliochukua upande mzima wa magharibi. Juu ya madirisha yake unaona vitambaa vizito vimekunjwa, vimelegezwa katikati, vinaning'inia. Sogea karibu. Si kitambaa, Makame, ni ubao mtupu! Mikunjo imechongwa kwa patasi mpaka kivuli kinaingia ndani yake. Nilisimama chini ya dirisha moja mpaka shingo ikaniuma, nikikuwaza wewe na mfaa, ule mti wa katikati, wa mlango wa mwisho uliouchonga, namna ulivyokuwa ukipitisha kidole kwenye jani kabla ya kuendelea.

Lipo pia kabati la njumu la mwaka 1773, mbao za rangi mbalimbali zimepachikwa pamoja zikatoa sura za Diana na Minerva, miungu ya kike ya Warumi. Lilitozwa pauni 86. Na kipo kitanda cha heshima kilichofunguliwa vipandevipande kikatupwa stoo kwa muda mrefu sana. Mafundi wa zama zetu wamekirudisha. Ukija, anza na hivyo.

Sasa fedha. Baba yake Edwin, Henry Lascelles, alikuwa mkusanyaji ushuru wa forodha Barbados, kisiwa cha Karibi. Akakopesha wenye mashamba ya miwa, akaingia katika biashara ya watumwa. Edwin mwenyewe alizaliwa kule kule Barbados. Baadaye wadaiwa waliposhindwa kulipa, ukoo ukachukua mashamba pamoja na watu waliokuwamo, Barbados na Jamaica. Sheria ya kukomesha utumwa ilipopitishwa 1833, serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zikaenda kwa mabwana. Bwana wa Harewood wa wakati huo alilipwa zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277. Wale watu 1,277 hawakupewa hata senti, na walilazimishwa kuendelea kutumika mashambani mpaka 1838.

Hata kwetu, amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja ilikuja na fidia kwa wenye watumwa. Kwa hiyo habari hii haikunishtua, lakini imenikaa moyoni, kwa sababu imekaa nyumba moja na zile mbao. Siwezi kuusifu mkono wa Chippendale nikanyamazia alilipwa kwa fedha gani. Wala sitaki mtu aniambie nisiitazame kazi ile.

Ninachokipenda Harewood ni kwamba leo hawafichi. David Lascelles, mrithi wa sasa, huyasema hadharani, na mwaka 2023 aliungana na wengine wa koo kama yake katika chama cha warithi wa utumwa, wanaounga mkono madai ya fidia kwa vizazi vya watumwa. Ndani ya jumba, ambamo kuta zimejaa picha za mabwana na mabibi zao, sasa imo picha ya Arthur France, mzaliwa wa Nevis na mwanzilishi wa kanivali ya Wakaribi hapa Leeds mwaka 1967. Imo pia ya mwigizaji David Harewood. Yeye mababu zake walikuwa watumwa wa ukoo huu Barbados, na jina la ukoo wake limetokana na cheo cha yule bwana. Nilimtazama sana. Picha mbili ni chache mno mbele ya watu 1,277, na nilimwambia hivyo mama mmoja mwongozaji. Akakubali bila kubisha, akaniketisha tukaongea muda.

Usije majira ya baridi kali, jumba hufungwa. Lenga Mei au Juni. Tiketi ya kuingia si rahisi, lakini hiyo na nauli ya basi niachie mimi. Wewe shughulikia viza mapema, na uje na daftari lako la michoro, maana kuna mbao za nakshi pale ningependa uniambie yamechongwaje.

Nisalimie mama na watoto. Mwambie Fatma vitabu vyake nimeshavipata, nitampa mtu anayekuja mwezi ujao.

Nduguyo,
Haji