Fundi bomba, saratani ya mapafu na hesabu inayogoma: tushike njia ipi?

Daktari, salaam.

Tunaandika kwa niaba ya fundi bomba mstaafu, mzee wa miaka 68, ambaye dai lake la ugonjwa wa kazini limekataliwa. Biopsi, yaani kipimo cha kipande kidogo cha tishu, imethibitisha saratani ya mapafu. Tangu 1979 hadi 2001 kazi yake ilikuwa kukata na kuunga mabomba ya saruji yenye asbesto (madini ya nyuzinyuzi), yale ya kijivu ambayo hadi leo yamelala chini ya ardhi katika miji mingi ya Tanzania na Kenya. Barua ya kumkatalia imetaja sababu tatu: alivuta sigara, picha haionyeshi asbestosisi (makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la asbesto), na hakuna kumbukumbu yoyote ya vipimo vya vumbi kazini.

Mbili za kwanza tunaamini zinajibika. Vigezo vya Helsinki vya 1997, vilivyohuishwa 2014, ambavyo ni mwongozo wa wataalamu wa kimataifa wa kuhusisha ugonjwa na asbesto, havimwengui mvutaji sigara. Sigara na asbesto huongezeana nguvu. Moja haifuti nyingine. Wala havidai mapafu yawe na makovu ya asbestosisi ndipo saratani ikubaliwe. Vinachotaka ni angalau miaka 10 tangu mtu aanze kukutana na vumbi, pamoja na dozi ya miaka-nyuzi 25, ambapo hatari ya saratani ya mapafu inakadiriwa kufikia mara mbili. Mwaka-nyuzi mmoja ni kuvuta hewa yenye uzi 1 wa asbesto kwa kila mililita, saa zote za kazi, kwa mwaka mzima. Laiti ingekuwa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, tusingehangaika hivi, maana kwa ugonjwa huo hata kukutana na asbesto kwa muda mfupi kunatosha.

Tumekwama kwenye sababu ya tatu: bila vipimo vya vumbi, dozi tunaikadiria wenyewe. Hadi mwisho wa 1990 mzee alikata kwa msumeno wa mkono, kisha kwa grinda ya diski, bila maji, akiwa amechuchumaa ndani ya mtaro ambamo vumbi halina pa kutokea. Wenzake wawili wameapa kwamba ukataji wenyewe ulichukua kama saa 4 kati ya 40 za wiki, yaani sehemu ya kumi. Makadirio yanayotumika Uingereza kwa saruji ya asbesto yanaupa msumeno wa mkono hadi uzi 1 kwa mililita, na diski isiyo na kifyonza vumbi nyuzi 15 hadi 25. Miaka 12 ya msumeno inatoa 1.2. Miaka 11 ya diski inatoa 16.5 kwa kiwango cha chini na 27.5 kwa cha juu. Jumla inaangukia kati ya 17.7 na 28.7. Mtathmini akishika namba ya chini, mzee amekosa. Akishika ya juu, amepata.

Na hapo hatujahesabu kufagia vumbi kavu, kukung'uta ovaroli, wala kusimama kando wakati mwenzake anakata. Je, mtaalamu wa vipimo vya mazingira ya kazi anaweza kuyaongeza haya, pamoja na ule ufinyu wa mtaro, kwa maelezo ya kiapo tu? Au tuiache hesabu, tuegemee kipengele kingine cha Helsinki kinachosema miaka 5 hadi 10 ya vumbi la wastani, kama la kazi za ujenzi, inaweza kufikisha hatari hiyohiyo? Tunahofia kuleta njia mbili kutaonekana kama kutapatapa.

Kuna jambo la picha pia. Eksirei ya zamani ilisomwa kuwa kifua kikuu cha kale, na mzee alipewa dawa ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. CT ya sasa inaonyesha mabamba magumu kwenye utando wa mapafu, pande zote mbili, mengine juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo). Makovu ya kifua kikuu kwa kawaida hukaa sehemu za juu za mapafu. Tunajua mabamba peke yake hayatoshi kuihusisha saratani na kazi, lakini yanathibitisha kwamba asbesto aliivuta. Tuombe CT isomwe upya na msomaji wa pili, na eksirei zisomwe kwa mfumo wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa kusoma eksirei za magonjwa ya vumbi?

La mwisho ndilo la haraka. Mzee amepangiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu mwezi ujao. Sampuli ya sindano ni ndogo mno kuhesabia miili ya asbesto (nyuzi zilizobaki mapafuni na kufunikwa na gamba lenye chuma), na kigezo ni 5,000 hadi 15,000 kwa gramu ya tishu kavu. Mabomba mengi ya aina hii yalitiwa asbesto ya buluu, ambayo hudumu mapafuni, lakini ile nyeupe huondoka upesi, hivyo hesabu ndogo inaweza kumponza bure. Tumwombe daktari mpasuaji ahifadhi kwenye fomalini kipande cha pafu kilicho mbali na uvimbe? Na kikihifadhiwa, kipimwe sasa au kisubiri rufaa ya dai lililokataliwa?

Kamati ya afya na usalama kazini, tawi la chama cha wafanyakazi