Kadi siitoi, Side

Mambo vipi Side,

Ile kadi ya sinema ya Plunder Road uliyoniulizia, ile ya kutangazia sinema ukumbini, siitoi, hata kwa hayo mabango yako mawili, samahani ndugu yangu. Ngoja nikwambie kwanini halafu ndo unune.

Sinema yenyewe ni ya 1957, black and white, dakika 72 tu, yani hata chai haijapoa imeisha. Kaiongoza Hubert Cornfield na staa mkubwa humo hamna, labda Elisha Cook Jr. maana ukiiona ile sura tu unajua huyu leo haponi. Inaanza usiku, mvua inamwagika, jamaa watano wako kwenye malori wanaenda kuipiga treni imebeba dhahabu ya serikali ya Marekani, dola milioni 10, na hawaongei kabisa, unasikia tu mawazo yao mmoja mmoja, hofu tupu. Kamera kashika Ernest Haller, yule yule aliyepiga ile sinema maarufu ya Gone with the Wind, sasa mtu kama huyo kwenye sinema ya bei chee!! Ndo maana ile mvua inang'aa vile.

Ila wewe fundi, subiri wafike Los Angeles. Dhahabu wanaiyeyusha wanatengeneza bampa, wanapaka kromu, wanafunga kwenye gari. Nilicheka peke yangu, bampa la dhahabu si shokapu zingelala chini kabisa? Na kinachokuja kuwaponza ni foleni. Foleni Side! Sikumalizii.

Kuhusu kadi sasa. Sinema kama hizi zilikuwa za kusindikiza sinema kubwa, zikishushwa hakuna aliyejali, kadi za ukumbini zilikuwa zinakuja seti ya 8, inchi 11 kwa 14, walikuwa wanazigonga pini pale mlangoni, wiki ikiisha nyingi zilikuwa zinaishia jalalani. Yangu ina matundu manne kwenye kona na chini kulia ile 57 ya mwaka bado inasomeka. Kona moja imekunjika, hiyo ni kazi ya mtu wa mizigo aliyeikalisha chini ya sijui friji la nani, na nauli nilimlipa kuliko bei ya kadi. Kuna jamaa kaniambia aizibe matundu ionekane mpya nikamwambia aiache hivyo hivyo, matundu ndo ushahidi kwamba ilining'inia kweli.

Njoo Jumapili na shemeji, DVD ipo, picha ina upana wake wote haijakatwa pembeni. Kadi nitakupa uishike. Ila unawe kwanza, na grisi zako hizo usinikaribie.

Wako,
Mudi