Barua ya Wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): Naomba Niitwe, Niulizwe

Mheshimiwa,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tatu hapa Mwanza. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha idarani hazijajibiwa, na Ijumaa matokeo yamebandikwa: ripoti yangu ya utafiti ina sifuri. Nilipouliza, niliambiwa programu imeonyesha kuwa asilimia 64 ya maandishi yangu ni ya akili mnemba. Basi, nikaambiwa niwapishe wengine.

Mheshimiwa, ripoti hiyo inahusu ukaushaji wa dagaa. Nimeshinda juani Mwaloni, Kirumba, nikivihesabu viroba na wachuuzi, kisha nikavuka kwenda Ukerewe kwa kina mama wanaoanika mchangani na wenye vichanja. Daftari ninalo. Bei ya sado ya dagaa wa mchangani imo, na ya wale wa kichanjani imo. Mama mmoja mvua ilimkuta mzigo ukiwa bado mbichi, ukaoza wote nikiwa pale pale. Hilo nalo nimeliandika, na kurasa zake zina magamba mpaka leo. Mashine gani ilivuka ziwa ikayaona hayo?

Kilichonitesa ni Kiingereza. Kama wengi wetu, shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, na nikiandika Kiingereza nashika maneno niliyoyazoea na sentensi nilizokaririshwa sekondari. Nadhani hapo ndipo niliponaswa, maana programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mwenye maneno ya kawaida huonekana mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Hata OpenAI, waliotuletea ChatGPT Novemba 2022, waliiondoa programu yao ya utambuzi Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Walioitengeneza wameiacha, halafu sisi tufelishwe kwa nyingine ya namna hiyo bila hata kuulizwa swali moja?

Mwanzoni mwa mwaka ulisimama ukumbini ukatuahidi mwongozo wa matumizi ya akili mnemba, na mafunzo kwa wahadhiri. Tulikupigia makofi. Muhula wa pili umekwisha, mwongozo hatujauona, adhabu tumeshaipata.

Teknolojia siikatai. Mihadhara iliyorekodiwa imenisaidia sana, ingawa kifurushi nanunua mwenyewe. Lakini mama yangu anauza dagaa rejareja ili nisome, na nikirudia mwaka sioni ada itatoka wapi. Bado sijamwambia.

Naomba niitwe. Niwekwe mbele ya jopo na daftari langu, niulizwe ukurasa wowote, kwa Kiingereza hicho hicho. Nikishindwa kujibu, sifuri ibaki. Nikijibu, irekebishwe kabla majina ya wahitimu hayajapelekwa Seneti. Niitwe, Mheshimiwa, hata kesho asubuhi nitakuwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mwanza