Barua kwa Mdogo Wangu Kuhusu Dawa ya Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Tangu tumzike Mama hupokei simu zangu. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyonitupia nje ya wodi, mbele ya akina shangazi: "Daktari mwenyewe amesema seli zake zimechoka. Kwa nini unaendelea kumtesa?" Sijayasahau, wala sina hakika kwamba nimeyasamehe.

Neno hilo la kuchoka tulilisikia sote wawili, ila wewe ulilielewa kama kufa. Seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, zinazopambana na saratani kwa muda mrefu bila kuimaliza hupoteza makali: huzaliana kwa shida, hutoa silaha chache, na hujaa kipokezi kiitwacho PD-1. Uvimbe nao hujivika protini ya PD-L1, ambayo ikishikana na kipokezi hicho huiamuru seli itulie. Breki hiyo tumezaliwa nayo, maana bila yake kinga ingetugeukia wenyewe. Saratani hujificha nyuma yake. Dawa ya Mama ilikuwa kingamwili inayokalia PD-1 ili PD-L1 ikose pa kushika. Haikuugusa uvimbe wenyewe hata kidogo. Iliwafungulia njia askari waliokuwa tayari ndani ya mwili wake.

Uliniambia namfanyia Mama majaribio. Mwanasayansi Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto, Japani, waliitangaza PD-1 mwaka 1992, na mwaka 1996 James Allison na wenzake wakaonyesha katika panya kwamba kuzuia breki nyingine, CTLA-4, huufanya mwili uukatae uvimbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Sikuokota dawa njiani, mdogo wangu.

Hata hivyo, kuna jambo nililolijua baadaye. Si kila seli iliyochoka hurudi. Zinazoitikia dawa hasa ni zile ambazo bado zina protini ya TCF-1 na uwezo wa kuzaa nyingine. Zilizofika mwisho wa uchovu hubaki na alama katika namna jeni zao zinavyowashwa na kuzimwa, na kuondoa breki peke yake hakuzirudishi kikamilifu. Laiti ningekueleza hivyo siku ile, badala ya kukujibu kwa ukali. Wewe ndiye uliyefua mashuka yake usiku alipoanza kuharisha, nami sikukushukuru.

Ukija kumwuguza mtu anayepewa dawa hii, akiharisha, akikohoa upya au akiishiwa pumzi, mwarifu daktari siku hiyohiyo, kwani kinga iliyofunguliwa huweza kushambulia utumbo, mapafu, ini, hata moyo, na steroidi, dawa za kuituliza kinga, zikiwahi husaidia. Mimi nilinyamaza siku mbili nikihofia dawa itasitishwa, kwa kuwa picha ya mapafu ilikuwa imeonyesha uvimbe umepungua, picha ileile niliyokunyooshea nawe ukakataa kuitazama.