Rehema, maamidi wapya wametangazwa

Rehema shosti wangu,

Salamu mwaya, za huko? Sisi wazima, baridi tu ndo haituachi. Najua umenitumia voisi tatu unauliza mbona kimya, ule uteuzi umeishia wapi, nimechaguliwa au hapana, na mimi nikakujibu kwa kidole gumba. Sijachaguliwa mwenzangu, wala sikuomba, tulia. Ila wametangazwa maamidi watatu, yaani wakuu wa vitivo, kwa mpigo Ijumaa, barua pepe ndefu ya provosti, yule mkuu wa taaluma aliye chini ya rais wa chuo, kila jina limebebeshwa sifa mpaka unajiuliza huyu mtu alikuwa analala saa ngapi, na mmoja wao ndo bosi wangu mpya, anaanza Julai. Ngoja nikuandikie yote maana kwa simu tutaishia kwenye umbea.

Kwanza uelewe uamidi wa huku Marekani sio ile ya mtu wa idara yenu anapewa barua, anakaa miaka yake halafu anarudi darasani. Huku ni ajira kamili, inatangazwa nchi nzima, chuo kinalipa kampuni ya kutafuta watu, kamati inakaa miezi, wanachujwa kwa Zoom, wanabaki watatu au wanne, hao sasa wanaletwa kampasi mmojammoja na kuzungushwa kama bibi harusi, asubuhi provosti, mchana walimu, jioni wanafunzi, na wahitimu wa zamani nao wana kikao chao, na hao usiwachezee kabisa, kwenye vyuo vya Weusi kama chetu, vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi, mhitimu wa 1974 anajiona ana hisa. Mwisho provosti anapendekeza, rais wa chuo anakubali, bodi inabariki. Na muda wote huo kiti kinakaliwa na kaimu.

Kaimu ndo ugonjwa wetu. Wa kitivo changu alikaa mpaka tukasahau kuwa ni kaimu. Simlaumu, maana kaimu ataajirije mtu wa kudumu wakati yeye mwenyewe hajui krismasi itamkutia wapi? Kila ukipeleka jambo unaambiwa tusubiri amidi akija. Wakaguzi wa ithibati wakija wakauliza mpango wa miaka mitano, tunaangaliana.

Sasa nikupe kituko cha siku ya wagombea. Kuna mama mmoja wa kemia, mzee wa chuo yule, haongei sana kwenye vikao. Kila mgombea akimaliza slaidi zake mama ananyoosha mkono na kuuliza swali lilelile: maabara ya ghorofa ya pili ina makabati mawili ya kuvuta moshi hayafanyi kazi, nani atasaini hela ya kuyatengeneza, wewe au provosti? Wa kwanza akaanza habari za maono na ubunifu, akatiririka weee mpaka watu wakachukua simu zao. Wa pili akamshukuru kwa swali zuri, akamshukuru tena, akakaa. Wa tatu, dada mmoja mfupi sauti ya kukwaruza, akauliza, yameharibika lini? Akaandika. Afu akasema, kabla sijasaini mkataba wangu nitamwomba provosti aniambie kwa maandishi naweza kuidhinisha kiasi gani bila kumgongea mlango, na kikiwa kidogo siji. Ukumbi ukacheka, halafu makofi. Huyo ndo kapata! Na provosti alikuwepo kakaa mstari wa mbele, sijui alijisikiaje.

Yaani mimi kwa hiki kipindi nimeona jambo moja tu Rehema, amidi ni sahihi yake ya hela na yule anayemlinda juu, hayo mengine ni joho. Na haya sijayatunga mimi, angalia Howard, chuo cha Weusi kule Washington. Mwaka 1926 walipata rais wao wa kwanza Mweusi, Mordecai Johnson, chuo kina karibu miaka 60 tayari, kilianzishwa 1867. Mwaka 1929 akamkabidhi skuli ya sheria Charles Hamilton Houston, kijana aliyetoka Harvard, na cheo chake cha kwenye karatasi kilikuwa makamu wa amidi, basi. Skuli ilikuwa ya jioni, watu wanatoka kazini ofisi za serikali wanaenda kusoma. Houston akaifunga ile ya jioni, akataka wa kutwa tu, kozi ngumu, na 1931 wakapata ithibati ya chama cha mawakili cha Marekani. Unafikiri walimpongeza? Wahitimu walimchachamalia, kwamba anawafungia mlango watu wanaofanya kazi, na tuseme ukweli walikuwa na hoja. Ila rais alisimama naye. Miongoni mwa vijana aliowapika ni Thurgood Marshall, mtoto wa Baltimore, alikuwa anakuja kwa treni kila siku maana skuli ya sheria ya University of Maryland jirani na kwao haikuchukua Weusi. Akamaliza 1933, na 1935 yeye na mwalimu wake wakaishtaki skuli ileile kwa niaba ya kijana mwingine, Donald Murray, wakashinda. 1967 Marshall akawa jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya nchi nzima. Huyo ni makamu wa amidi kazini!

Lakini usije ukamsifia Johnson mpaka ukapitiliza, maana hapohapo Howard palikuwa na Lucy Diggs Slowe, amidi wa wanawake, yaani msimamizi wa wanafunzi wa kike, tangu 1922, mwanamke wa kwanza Mweusi kushika cheo hicho pale, na bingwa wa tenisi juu. Rais huyohuyo aliyembeba Houston yeye alimbana, akataka ahamie ndani ya kampasi aishi karibu na mabweni ilhali ana nyumba yake, mshahara chini ya maamidi wanaume. Akapambana naye mpaka alipofariki 1937. Mimi nikimsoma yule mama huwa nakasirika kama vile ilikuwa jana.

Na siku hizi wakitaka kuvuta macho wanachukua jina kubwa, kama 2021 Howard walipompa Phylicia Rashad kitivo cha sanaa, yule muigizaji tuliyekuwa tunamuangalia kwenye TV, mwenyewe kasoma palepale. Kitivo kikapewa jina la marehemu Chadwick Boseman, muigizaji naye, ambaye akiwa mwanafunzi pale aliandamana ili kisimezwe na kingine. Hiyo naipenda. Bi Rashad alimaliza uamidi wake 2024.

Ila sio kila chuo kina mtu wa kwenye TV wa kuita wafadhili. Sisi wa vyuo vya majimbo, 2023 mawaziri wa Biden wa elimu na kilimo waliandikia magavana wa majimbo 16 kwamba ndani ya miaka kama 30 vyuo vya umma vya Weusi vilivyoanzishwa kufundisha kilimo na ufundi vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 ukilinganisha na vya wazungu vya aina hiyohiyo. Jimbo letu limo. Barua ikasomwa, ikawekwa. Maryland wao walienda mahakamani tangu 2006, wakamalizana 2021 kwa dola milioni 577 za vyuo vinne, zigawanywe kwa miaka kumi. Miaka 15 ya kesi! Kwa hiyo huyu bosi mpya akija na kalamu yake sijui atakuta wino wa nani, lakini angalau kauliza kabla ya kuhama nyumba.

Mama wa kemia kamtumia tayari ujumbe, kamkumbusha yale makabati. Hata hajaripoti!

Halafu ile nafasi ya uhadhiri niliyokuambia itatangazwa Agosti, nitakutumia. CV yako irekebishe, toa ile picha ya mahafali. Ila usiache kazi huko mpaka nikuambie provosti kamwandikia dada yule kiasi gani.

Wasalimie watoto na mama.

Wako,
Mwanaidi